Diski ya kuwashia seva ya nyumbani: ipi ya kununua, na ile ya zamani ipewe kazi gani

Seva nyingi za nyumbani, kuanzia Nakuru hadi Bungoma, huanza na kompyuta ya ex-UK: Dell OptiPlex au HP EliteDesk, diski mbili kubwa za picha na video, na SSD iliyokuja na mashine ikabaki kubeba mfumo. Hapo ndipo mali hupotea bure. TrueNAS, mfumo wa bure wa kuendesha seva ya faili, huchukua diski nzima ya kuwashia na haikuruhusu kuweka faili zako humo, ilhali mfumo wenyewe unatosha kwenye GB 16. Ukiwa na SSD ya GB 500 inayowasha tu, nunua ndogo ishike kazi hiyo, kisha hiyo kubwa uipe kazi inayoifaa.

1. SSD mpya ya SATA, inchi 2.5, GB 120 hadi 256

Hii ndiyo ya kununua kama huna sababu nzito ya kufanya vingine. Inaingia kwenye mashine yoyote yenye poti ya SATA (ile ya kawaida ya kuunganisha diski), haina masharti ya BIOS (programu ya bao inayowasha mashine), na ikifa utapata nyingine mjini Kisumu au Eldoret bila kusubiri mzigo wa Nairobi. Kingston A400 ya GB 240 imekadiriwa kuandikwa jumla ya TB 80 maishani mwake, na ya GB 120 TB 40. Diski ya kuwashia ikiandikwa hata GB 10 kila siku, mwaka mzima haifiki TB 4, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya uimara wa kuandikwa. Lipia risiti yenye nambari ya diski na waranti inayoeleweka.

2. SSD ya seva iliyotumika

Intel DC S3500 au S3700 ya GB 80 hadi 200, ikipatikana kwa bei nzuri. Zina kapasita ndani zinazoipa diski muda wa kumaliza kuandika stima inapopotea ghafla, jambo ambalo SSD nyingi za kawaida hazina. Kwa mtaa unaopotelewa na stima mara tatu kwa wiki, hilo ni jambo kubwa. Imewekwa ya pili kwa sababu moja tu: hujui ilivyotumika kabla yako. Muuzaji akikataa usiipime dukani, iache.

3. NVMe ndogo

NVMe ni SSD ya kasi yenye umbo la kijiti, huchomekwa kwenye nafasi ya bao iitwayo M.2. Ya GB 128 au 256 iliyotolewa kwenye laptopu hufanya kazi vizuri, na faida yake ni kukuachia poti ya SATA kwa diski ya data. Lakini tazama mashine kwanza. OptiPlex 7010 ya zamani haina nafasi ya M.2 kabisa. Bao nyingi za Intel kizazi cha nne haziwaki kutoka NVMe hata ukitumia adapta ya PCIe. Kuanzia kizazi cha sita mambo huwa sawa. Pia si kila kijiti cha M.2 ni NVMe: vingine ni SATA, na kwenye bao kadhaa kuchomeka cha SATA huzima poti moja ya kawaida. Soma kitabu cha mashine kabla ya kulipa.

4. Diski ya kuzunguka ya laptopu

Itawasha, polepole, na itakula poti na kiunganishi cha umeme. Ifae tu kama unayo tayari na imepimwa ikawa nzima.

5. Flashi

Usinunue kwa TrueNAS wala OpenMediaVault, mfumo mwingine wa seva ya faili. Mifumo hiyo huandika kumbukumbu zake kila mara, na chipu za flashi hazikujengwa kwa kuandikwa namna hiyo. OpenMediaVault ina kiongezi maalumu cha kupunguza maandishi hayo, nacho ni cha kuahirisha tatizo. Tena soko limejaa flashi zinazojitangaza TB 2 na ndani zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Programu ya f3, inayopima nafasi halisi ya flashi, huzifichua.

Kuhamisha mfumo

TrueNAS inaweza kuunganisha diski mpya kama pacha wa ile ya zamani, kisha ukaondoa ya zamani, lakini mpya haikubaliki ikiwa ndogo. Kutoka GB 500 kwenda GB 120, basi, njia ni kusakinisha upya. Pakua faili la mipangilio na utie alama kwenye chaguo la kujumuisha siri ya nywila. Ukilisahau, nywila zilizohifadhiwa humo hazitafunguka. Kama data yako imefungwa kwa usimbaji, pakua na funguo zake, uziweke nje ya seva. Zima mashine, chomoa diski ya zamani, sakinisha toleo lilelile kwenye mpya, kisha pakia faili la mipangilio. Ukiacha zote mbili ndani, zina hifadhi zenye jina moja, boot-pool, na BIOS inaweza kuwasha ya zamani huku ukidhani uko kwenye mpya.

Hesabu pia viunganishi vya umeme kabla ya kuongeza diski. OptiPlex ndogo hutoa umeme wa SATA kupitia bao, na viunganishi ni vichache. Adapta za Molex kwenda SATA zilizomiminwa plastiki nzima ziepuke: nyaya ndani zinaweza kugusana zikawaka moto. Chukua zile ambazo kila waya unaonekana umebanwa peke yake.

Ile ya zamani sasa

Ipime kabla ya kuipa kazi. Endesha `smartctl -t long /dev/sdX`, amri ya kupima afya ya diski (X ni herufi ya diski yako), subiri imalize, kisha `smartctl -a /dev/sdX`. Kwenye diski ya kuzunguka, namba 197 na 198 za orodha itakayotokea (sehemu zisizosomeka) zikiwa zaidi ya sifuri, isipewe data. Namba 5 (sehemu mbovu zilizobadilishwa) ikiwa juu ya sifuri na inaendelea kupanda, vivyo hivyo. Namba 199 (makosa ya mawasiliano) ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kuilaumu diski. NVMe itazame kwa Percentage Used na Media and Data Integrity Errors. Ikipita, ifute kwa kitufe cha Wipe kwenye ukurasa wa diski, ukihakikisha nambari yake ili usifute ya data.

Kazi bora kwa SSD ya GB 240 kwenda juu ni kuwa hifadhi ya peke yake kwa programu: Jellyfin (ya video), Immich (ya picha), hifadhidata zake na vijipicha. Mafaili madogo mengi yanayosomwa ovyo huchosha diski za kuzunguka, na hapa utaona tofauti siku ileile. Kwa kuwa haina pacha, panga nakala yake kila usiku kwenda kwenye diski kubwa. Ikifa umepoteza siku moja ya mabadiliko.

Kama ni ndogo, isakinishie mfumo, uiweke kwenye droo pamoja na faili la mipangilio. Siku ya kuharibika utaichomeka na kuendelea.

Kazi tatu nyingine ambazo TrueNAS inaweza kuipa SSD hiyo zinapendekezwa mno kuliko zinavyostahili. Cache, yaani kushika nakala ya data inayosomwa sana, haina hatari, lakini huchukua sehemu ya RAM kwa faharasa yake. Kwa mashine ya GB 8 au 16, pesa iende kwenye RAM. Log husaidia tu maandishi yanayosubiri uthibitisho kwamba yamefika diski, kama ya NFS (njia ya kushiriki faili mtandaoni) na mashine pepe. Kunakili picha kutoka Windows hakutaongezeka kasi, na SSD isiyo na kapasita haifai kazi hiyo hata kidogo. Metadata, yaani kushika taarifa za mahali faili zilipo, ndiyo ya kuogopwa: diski moja ya zamani ukiiweka hapo peke yake ikafa, data yote kwenye diski kubwa imekwenda nayo. Tena kama kundi lako la diski ni RAIDZ (mpangilio unaovumilia diski kufa), ukishaiongeza huwezi kuiondoa.

Ukibakiza pesa, nunua UPS (betri ya kushika mashine stima ikipotea), hasa Kakamega na Kisii ambako radi ni nyingi. Chagua yenye poti ya USB ya mawasiliano, kwa sababu nyingi za bei ya chini hazina, na bila hiyo seva haitajua kwamba betri inaisha. Washa huduma ya UPS ndani ya TrueNAS, kisha ijaribu kwa kuchomoa UPS ukutani na kusubiri hadi seva ijizime yenyewe. Radi hupita hata kwenye kebo ya mtandao inayotoka nje, kwa hiyo mvua ikianza kunguruma, chomoa na hiyo.