TAHADHARI: Huyu muuza "mbwa wa zawadi" za sikukuu ni mwizi, msimpe hela zenu

Wadau, nina hasira hadi mikono inatetemeka, kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya mambo. Kuna mtu anauza watoto wa mbwa mtandaoni msimu huu wa sikukuu. Anawafunga utepe mwekundu shingoni, anaandika "zawadi tayari kwa mwanao", na ni mwizi. Angeiba hela tu ningenyamaza. Anauza viumbe anaojua wanakufa, na anapiga hesabu kwamba watafia mikononi mwako yeye akiwa ameshaondoka. Jina lake siliweki hapa kwa sababu shauri liko polisi na nimeombwa nisilivuruge, na jina lenyewe halitawasaidia, maana analibadilisha kila akishtukiwa. Nawaeleza alivyonifanyia, mtamjua kwa kazi yake.

Mnaonifahamu mnajua kwa nini mwaka huu nilitaka mbwa, na habari za mbwa wetu Simba mnazijua. Sizirudii. Mwanangu aliomba kitu kimoja tu, na mimi nilishaahidi.

Sasa kuna watu wananiambia, "Wewe na akili zako zote, mtu wa mtandaoni?" Inaniuma mno kusikia hivyo, hasa kwa ndugu. Basi ngoja niseme kwa nini nilimwamini, na mtu asome mpaka mwisho kabla hajanicheka.

Kwanza, hakuomba hela ya awali. Sote tumeonywa: usitume hela kabla hujaona mzigo. Yeye ndiye aliyenionya! Aliniandikia, "Dada yangu, usinitumie hata senti mpaka umshike kwa mikono yako, siku hizi matapeli ni wengi." Pili, alinihoji. Nyumba ina uzio? Mchana anabaki nani? Mtoto ana umri gani, hatamvuta masikio? Hayo ndiyo maswali ambayo mfugaji wa kweli huuliza, na mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba asiyeuliza ndiye wa kuogopwa. Mwizi gani anahangaika kujua kama nyumba yako inamfaa mbwa? Nilimjibu yote kwa adabu, najitahidi nionekane nastahili. Kumbe naye amesoma palepale niliposoma mimi.

Tatu, alinitumia video ya mama mbwa, German Shepherd mwenye manyoya yanayong'aa, amelala ubavu watoto wananyonya. Nikamwomba niende kuwaona hapohapo nyumbani. Akasema, "Karibu sana dada, ila mke wangu amejifungua juzi, nyumba ndogo, tumeambiwa tupunguze wageni." Nani anabishana na mzazi? Nilimpa hongera. Nikamwombea na mtoto.

Nne, kadi ya chanjo. Ina mhuri, ina sahihi ya daktari, tarehe tatu tofauti, dawa ya minyoo imejazwa, umri wiki kumi. Kila kitu kipo.

Tukakutana mkesha wa Krismasi, giza linaanza kuingia, kwenye maegesho ya magari, yeye ndiye aliyepachagua. Hakuzima gari. Alifungua mlango wa nyuma kidogo tu, nikaona maboksi mengine yamefunikwa shuka, akaufunga. Akatoa kijibwa kimezungushiwa taulo jeupe, utepe shingoni, kinanukia poda ya watoto wachanga. Kimelala. "Amechoka na safari, na ametoka kunyonya, ameshiba." Nikapeleka mkono tumboni, kweli, tumbo limekaza kama ngoma. Nikaona basi, wanalishwa vizuri. Nikataka kumweka chini nimwone anavyotembea, akasema, "Sakafu ya baridi hii dada, atapata homa," akanifunikia vizuri na taulo, kwa upole kabisa, mimi na mbwa pamoja.

Halafu akauliza, "Mtoto wetu anaitwa nani?" Akatoa kalamu mfukoni na kikadi kidogo, akaandika jina la mwanangu, taratibu, mwandiko mzuri, na chini yake tarehe ya Krismasi. Akakifunga kwenye utepe. Hapo ndipo aliponimaliza. Nilituma hela nikiwa natabasamu. Yeye alisubiri ujumbe wa pesa uingie, akausoma hadi mwisho, na tangu hapo hakuniangalia tena usoni. "Haya heri ya sikukuu, nina wengine wa kupeleka." Akaondoka.

Usiku hakula. Maji aliyanusa akageuza kichwa. Asubuhi mwanangu alipofungua boksi alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia nyumbani kwangu mwaka mzima, na mnajua nasema nini. Wageni wakaanza kuingia, kila mtu anataka kumbeba. Mchana akatapika povu la manjano. Nikasema ni safari, ni makelele ya watu. Jioni akaharisha damu, na ile harufu. Aliyewahi kuuguza mbwa mwenye parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo, anaijua, unafunga mlango inakufuata chumba cha pili.

Daktari wa mifugo aliyepokea simu yangu usiku ule Mungu ambariki. Kabla ya jambo lolote alimfungua mdomo kwa kidole, akaniita nisogee. Meno ya mbele yapo, madogo kama ya sindano. Ya pembeni, ya kutafunia, hakuna, ufizi mtupu. "Mama, huyu hana wiki kumi. Mbwa wa wiki nane anakuwa na meno yake yote 28 ya utotoni. Huyu hata kuachishwa ziwa bado." Tumbo nililodhani ni shibe ilikuwa minyoo, ambayo mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo tayari kutoka kwa mama yake. Kinyesi kikapimwa, parvo.

Nikauliza, labda ameipata kwangu? Akaniambia mbwa akishaambukizwa huchukua kama siku tatu hadi saba ndipo aanze kuumwa, wakati mwingine hata wiki mbili. Mimi nilikuwa nimekaa naye usiku mmoja. Alikuja nayo. Alipokuwa amelala kwenye lile taulo hakuwa amechoka na safari, alikuwa anaumwa, na yule mtu alijua, ndiyo maana hakutaka nimweke chini.

Halafu daktari akafanya kitu ambacho mimi nisingekiwaza. Alichukua kadi ya chanjo na kile kikadi cha utepe akaviweka mezani sambamba. Saba iliyokatwa mstari katikati. Mkia wa herufi "g" uliopinda kushoto. Wino uleule. "Daktari" aliyechanja na muuzaji ni mkono mmoja, na tarehe tatu zote zimeandikwa kwa kalamu moja, siku moja. Ukihesabu kwa umri halisi wa yule mbwa, chanjo ya kwanza ilikuwa imeandikwa tarehe ambayo alikuwa hajazaliwa! Na hakuna stika hata moja. Daktari akanionyesha chupa za chanjo anazotumia yeye, kila chupa ina kikaratasi cha kubandua chenye namba ya toleo, kinabandikwa kwenye kadi. Kadi yangu ilikuwa na mhuri tu, na mhuri mtu anachongewa popote.

Parvo haina dawa ya kuua kirusi chenyewe. Unaweka dripu, unazuia kutapika, unampa antibayotiki bakteria wasimmalize, unaomba. Mtoto wa mbwa mkubwa zaidi, aliyechanjwa, angeweza kupigana. Huyu hakuwa na cha kupigana nacho. Mwanangu alikuwa ameshampa jina. Sitaliandika hapa.

Nilipompigia yule mtu, kwanza aliuliza, "Umemlisha nini?" Mimi! Nikamwambia amepimwa, ni parvo. Kimya kidogo, kisha, kwa sauti ileile ya upole, "Usijali dada, nina mwingine, nakubadilishia kesho." Nataka mlielewe hili vizuri. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye sakafu na kwenye udongo wa uwanja kwa miezi, kinaweza kufika mwaka, sabuni ya kawaida hakisikii, mpaka klorini. Daktari alinikataza kuingiza kijibwa kingine nyumbani. Na huyu anayejiita mfugaji anataka kuleta mwingine akafie palepale, mradi nisimdai hela. Nilipokataa akanibloku. Baada ya sikukuu jirani yangu akaniletea simu yake: video ileile ya mama mbwa, akaunti mpya, "wamebaki wawili, zawadi ya mwaka mpya". Tukatafuta zaidi, mama mbwa huyohuyo yuko kwenye tangazo la mtu mwingine la zamani kabisa. Hata huyo mama si wake.

Namtaka afungwe. Faini sitaki kuisikia, faini anailipa kwa mbwa wawili na kesho yuko barabarani. Anyang'anywe lile gari. Apigwe marufuku kufuga hata kuku, na hilo si jambo la ajabu, Uingereza mahakama ina uwezo wa kumzuia mtu aliyetesa wanyama asimiliki mnyama tena. Kulekule England tangu Aprili 2020 kuna sheria wanayoiita ya Lucy, imepewa jina la mbwa jike aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia mbwa. Dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyemzalisha, mahali alipozaliwa, ukimwona na mama yake, au unachukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi, tangu Januari 2024 maduka ya wanyama hayauzi mbwa wala paka, na anayetaka kumiliki anasaini hati ya kukubali wajibu angalau siku saba kabla hajakabidhiwa. Siku saba! Pigeni hesabu. Yule wangu asingemaliza siku saba. Biashara nzima ya huyu mtu inasimama juu ya jambo moja, kwamba wewe una haraka kwa sababu sikukuu ni kesho. Akisubirishwa wiki moja tu, mzigo wake unamwozea mkononi.

Na wanaomsajilia namba mpya za simu kila wiki nao wahojiwe. Na aliyemchongea mhuri. Na wanaomtetea kwenye komenti "kila biashara ina hasara" nawaambia mbwa si nyanya.

Mmeniuliza dalili za muuzaji wa aina hii. Kwa kifupi, maana nimechoka: anayekutana nawe barabarani badala ya pale mbwa alipozaliwa, achana naye, hata awe na sababu nzuri namna gani. Mwone mama kwa macho, si video. Fungua mdomo wa mbwa, tafuta meno ya pembeni. Mweke chini atembee. Mtoto wa mbwa mwenye afya hulala, ndiyo, lakini ukimwamsha anaamka. Kadi bila stika ni karatasi. Mwambie muuzaji unataka mkampeleke kwa daktari unayemjua wewe kabla ya kulipa, uone sura yake. Poda nayo, sijui wengine wanasemaje, mimi nikisikia mbwa ananukia poda tena naondoka.

Na hata muuzaji angekuwa malaika, siku ya Krismasi si ya kumleta mtoto wa mbwa. Nimeiona kwa macho. Ametolewa kwa mama yake jana, leo nyumba imejaa, milango inafunguliwa, anapokezanwa mkono kwa mkono, chini kuna vipande vya chokoleti na zabibu kavu, vyote sumu kwake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama kama anakunywa maji. Shirika la Dogs Trust la Uingereza lilianza kusema tangu 1978 kwamba mbwa ni wa maisha yake yote, si wa Krismasi tu, na mbwa anaishi miaka kumi na zaidi, lakini mimi nasema hata kwa siku ile moja hafai. Wazazi wenzangu, mtoto akiomba mbwa, mfungashieni kamba na bakuli. Mwambieni mbwa tutakwenda kumchagua wote mambo yakitulia. Atafurahi hivyohivyo.

Kama umenunua kwa mtu wa aina hii msimu huu na mbwa wako bado mzima, mpeleke kwa daktari leo, usisubiri atapike, na usimchanganye na mbwa wa jirani mpaka apimwe. Na kama una kadi yenye saba iliyokatwa katikati na "g" yenye mkia wa kushoto, ipige picha pande zote mbili unitumie inboksi. Polisi wameniambia shauri la mtu mmoja ni gumu, wakiwa wengi wanafungua jalada moja. Msiitupe kadi, na kikadi cha utepe msikitupe.