Begi la mgongoni la JanSport kutoka mtumbani: tathmini kwa wazazi wenye watoto wa shule

Begi ninalolitathmini hapa ni JanSport aina ya Right Pack, la buluu iliyokoza, lililonunuliwa mtumbani katika soko la Karume, Ilala, kwa shilingi 25,000 baada ya kupatana bei. Nyumbani kwetu lilibebwa na kijana wa sekondari, kisha likarithiwa na mdogo wake wa darasa la sita, na wakati wa likizo ndilo tunalosafiri nalo kwa basi kwenda Tanga. Naliandikia kwa sababu kila ifikapo Januari wazazi wengi wa Dar es Salaam hununua begi jipya lenye picha ya katuni na mifuko mingi ya nje, na kabla muhula haujaisha mkanda umekwisha kung'oka au zipu imekataa kufunga, wakalazimika kuingia tena dukani.

Nguvu ya begi huanzia kwenye kitambaa. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, na denia 600 maana yake ni kwamba mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 600. Mabegi mengi ya bei nafuu hushonwa kwa poliesta, na lebo inayosema 600D si dalili mbaya, ila namba hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa nailoni huhimili msuguano kuliko poliesta yenye denia ileile. Hili letu limeshonwa kwa Cordura, ambayo ni nailoni nzito, na kitako chake ni cha ngozi. Kitako ndicho kinachoburuzwa kwenye sakafu ya darasa na kutupwa chini ya kiti cha daladala, kwa hiyo ngozi ile si pambo.

Anayenunua mtumba ukanda wa Pwani ana jambo moja la kukagua ambalo wauzaji hawalitaji. Vitambaa vingi vya mabegi hupakwa kwa ndani utando wa poliyurethani ili kuzuia maji, na utando huo huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu, hata kama begi halikutumika bali lilikaa tu ndani ya robota. Ingiza mkono ndani, usugue kuta na pembe: ukihisi kunata, au vidole vikitoka na unga na magamba meupe, mrudishie muuzaji hata kama kwa nje begi linang'aa. Hakuna fundi atakayelirekebisha hilo.

Zipu, kwa upande wake, hutengenezeka, na watu wengi hutupa mabegi mazima bila kulijua hili. Zipu inapofungwa kisha ikaachia nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno hayana kosa. Kichwa ndicho kilichopanuka kwa kutumika, na fundi akikibana kidogo kwa plaizi, au akikibadilisha kwa fedha ndogo, zipu hurudi kazini. Kwa hiyo dukani tazama meno kuliko kichwa. Ipitishe zipu mara kadhaa kwenye pembe za juu, ambako hupinda, huku begi likiwa limejazwa kitu. Nembo ya YKK, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1934, inatia moyo, lakini nembo huigwa, na jaribio la pembeni haliigwi.

Mahali ninapopatilia mkazo kuliko kote ni shina la mikanda, pale inapoungana na mgongo wa begi. Katika mabegi dhaifu mkanda umebanwa kwa mstari mmoja wa mshono kwenye ukingo wa kitambaa ambao haukukunjwa, na mzigo wote wa vitabu unaning'inia hapo. Katika Right Pack mishono imerudiwarudiwa na kubanana, na mkanda umeingia ndani kabisa ya mshono wa mgongo. Ikiwa bajeti yako inaruhusu begi jipya la bei ya chini tu, linunue bila wasiwasi, lakini lipitishe kwa fundi cherehani kabla shule hazijafunguliwa, arudie mishono ya mikanda kwa uzi mnene wa nailoni. Kazi hiyo ni ya dakika chache na huongeza maisha ya begi kuliko nembo yoyote.

Begi hili lina upungufu wake. Halina mfuko wa pembeni wa chupa ya maji, na chupa ikikaa pamoja na madaftari, mzazi awe na uhakika na kifuniko. Mvua ya masika hupenya kwenye zipu. Sisi tulimwomba fundi atushonee mfuko wa turubai jepesi wa kuhifadhia vitabu ndani. Sponji ya mgongoni ni nyembamba, hivyo kaunta buku zipangwe bapa upande wa mgongo.

Tena ni kubwa. Ujazo wa takriban lita 31 unamfaa mwanafunzi wa madarasa ya juu na mtu mzima, lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza begi hili litashuka chini mno ya kiuno, naye atajaza kila nafasi anayoiona. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto, yaani mwenye kilo 25 asibebe zaidi ya kilo 5, na ni bora abebe nusu yake. Kwa mdogo huyo tafuteni Karume hiyohiyo begi fupi la aina yoyote, mkilikagua kwa utaratibu uleule, na mkifika nyumbani lifueni kwa mkono kwa sabuni isiyo kali, kisha mlianike kivulini, kwa maana jua kali hudhoofisha nyuzi za nailoni.