Kusomea fedha pamoja na hoteli na utalii Iringa: miaka yangu mitatu

Nimemaliza mwaka jana shahada ya pamoja ya fedha na usimamizi wa hoteli na utalii, hapa hapa Iringa. Chuo sitakitaja. Naandika kwa sababu kila dirisha la udahili likikaribia simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa Makambako na Mafinga wote swali lao moja: "Dada, ile kozi inalipa?"

Kozi ni nzuri na ningeisoma tena. Ila chuo kilitupa nusu mbili, kazi ya kuziunganisha tukaachiwa wenyewe.

Idara ya fedha ilitufundisha kana kwamba wote tunakwenda benki. Idara ya utalii nayo ilifundisha kana kwamba hela za hoteli zina mtu mwingine wa kuzihesabu. Asubuhi riba na mizania, mchana kupokea mgeni, kutandika kitanda, historia ya Mkwawa, zana za mawe za Isimila. Mifano ya darasani ilikuwa hoteli za Ulaya zenye vyumba mia nne, na mimi nilikuwa naishi kwenye gesti ya shangazi yangu Kihesa yenye vyumba kumi, jioni nakaa mapokezi ili nisitegemee bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, peke yake.

Hapo mapokezi ndipo kozi iliponiingia. Ilikuwa Aprili, mwaka wa pili, mvua hazikatiki. Tulikuwa tukiuza vyumba sita kwa usiku, kila kimoja 35,000. Shangazi akashusha bei hadi 28,000, na kweli, vikaanza kwenda vinane. Alifurahi sana. "Unaona mwanangu, nyumba imechangamka."

Nikachukua daftari la kaunta nikapiga mstari katikati. Kushoto vyumba sita, 210,000. Kulia vyumba vinane, 224,000. Ukigawa kwa vyumba vyote kumi, vilivyouzwa na visivyouzwa, unapata 21,000 na 22,400. Hicho ndicho kipimo tulichofundishwa upande wa hoteli, na kwa kipimo hicho shangazi alikuwa sahihi kabisa. Halafu nikakumbuka somo la gharama la upande wa pili. Nikamuuliza, shangazi, chumba kikilaliwa usiku mmoja kinakula nini? Tukahesabu pamoja: chai, mayai na chapati, sabuni, umeme wa hita ya maji, kufua mashuka. Ikaja 8,000. Toa 48,000 kushoto, zinabaki 162,000. Toa 64,000 kulia, zinabaki 160,000.

Alinyamaza akiiangalia ile karatasi. Tulikuwa tunapika zaidi, tunafua zaidi, mashuka yamejaa korido kwa sababu hayakauki na mvua, na kila usiku tunapungukiwa 2,000. Akarudisha bei ya zamani, ila akaamua mwenyewe kwamba anayelala siku tatu mfululizo apewe punguzo, kwa kuwa mashuka ya mgeni huyo hayafuliwi kila siku. Hilo hakuna mhadhiri aliyenifundisha. Lakini bila darasa nisingejua pa kupiga ule mstari, na ndiyo maana sitaisema vibaya kozi hii.

Kilichoniumiza ni utawala. Semista ya nne idara mbili ziliweka mitihani asubuhi ile ile, saa ile ile. Nikafanya wa fedha. Wa utalii ukaandikwa sapu, yaani mtihani wa marudio, kana kwamba nilifeli. Nilitembea na barua yangu wiki tano, ofisi hii inasema nenda kule, kule wananirudisha huku. Mwisho ilirekebishwa, sikatai, ila mwenzangu mmoja aliyepatwa na hayo hayo alichoka akahamia uhasibu mtupu. Chuo kinachotangaza shahada ya pamoja kiwe na mtu mmoja wa kuisimamia, mwenye ofisi na mlango wa kugonga.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo ilinipa moyo. Nilikwenda kambi moja ya kitalii njia ya Hifadhi ya Ruaha, safari ya kama kilomita 130 kutoka mjini. Pale msimu si mada ya mtihani. Wageni wanakuja zaidi Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na wanyama kusogea Mto Ruaha Mkuu. Mvua zikianza barabara zinaharibika na kambi nyingine hufunga kabisa, lakini mlinzi bado anataka mshahara na jenereta bado linataka matengenezo. Kwa hiyo hela ya Agosti lazima ifike Aprili. Ripoti yangu niliiandika juu ya hilo, nikaweka na Hifadhi ya Kitulo, ambako mambo ni kinyume: maua yanachanua wakati wa mvua, karibu Desemba hadi Aprili. Mwenye kampuni ya safari akiuza vyote viwili, kiangazi Ruaha na masika Kitulo, miezi ya njaa inapungua. Msimamizi wangu wa fedha aliisoma mara mbili akaniita ofisini, tukakaa saa nzima. Siku ile niliona nusu zote mbili zimekaa meza moja.

Anayejaza fomu mwaka huu aanze na kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, athibitishe kozi imo na jina lake limeandikwaje, maana hilo ndilo litakalokuja kwenye cheti. Anayelenga CPA, ile sifa ya uhasibu wa kitaalamu, aulize NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, mapema ataanzia ngazi gani, asisubiri kumaliza. Siku ya kutembelea chuo uliza ratiba ya mitihani inapangwa na nani. Na fildi ya Ruaha omba mapema, barua ifike kabla ya Mei, kwa sababu Juni ikiingia meneja hana nafasi hata ya kufungua bahasha.