Mashine za kusaga na kung'arisha mawe: ipi ianze, ipi isubiri

Wengi wanaookota mawe hufika mahali pamoja: ndoo zimejaa, kila jiwe lina rangi ya kupendeza likiloweshwa, na likikauka rangi yote hufifia. Hapo hamu ya kununua mashine huja, na mashine inayonunuliwa kwanza huwa ile yenye bei ndogo au yenye picha nzuri. Baada ya miezi michache inakaa kabatini.

Orodha hii nimeipanga kwa ajili ya mtu anayetaka jiwe lake liishie kwenye pete, kidani au hereni. Kipimo changu kikubwa ni vitu vinavyokwisha. Mashine unainunua mara moja, lakini magurudumu, diski, visu vya msumeno na unga wa kusagia utavinunua maadamu unaendelea na kazi hii. Mashine inayokubali vipuri vya mtengenezaji mmoja tu ni ya ghali, hata kama dukani ilionekana nafuu.

Kwanza jua ugumu wa ulichookota

Kipimo cha ugumu tunachotumia hadi leo kilitolewa na Friedrich Mohs mwaka 1812. Talki ina 1, kalsaiti 3, feldspa 6, kwatsi 7, topazi 8, yakuti 9 na almasi 10. Kwa mwokota mawe namba 7 ndiyo ya kuzingatia, kwa sababu akiki, yaspi na amethisto zote ni za ukoo wa kwatsi, na ndizo zinazong'aa vizuri na kudumu kidoleni. Kioo cha dirisha na chuma cha kisu viko karibu na 5.5. Jiwe linalokwaruza kioo bila taabu linafaa kupelekwa kwenye mashine. Jiwe linalokwaruzwa na kisu, kama malakiti, litachakaa upesi kwenye pete, ila kwenye hereni linaweza kuishi miaka mingi kwa kuwa hereni hazigongwi ovyo.

Ugumu huu ndio unaoamua ununue kisagio gani. Silikoni kabaidi, yenye ugumu wa karibu 9.5, inamaliza kazi yote ya kusaga mawe ya ukoo wa kwatsi. Ukiwa na yakuti, utahitaji almasi.

Vifaa vya kuokotea havina mambo mengi. Nunua nyundo ya wanajiolojia iliyofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, kichwa mpaka mpini, yenye uzito wa karibu gramu 600. Ncha iliyochongoka ni ya miamba migumu, na ncha bapa ni ya miamba ya tabaka. Nyundo ya seremala haifai kabisa: chuma chake hakikutengenezwa kupiga mwamba, na kipande kinaweza kuruka kikaingia jichoni. Ongeza tindo, miwani ya kinga na lenzi ya kukuza mara 10. Na usivunje mwamba wa mtu bila ruhusa yake.

Nafasi ya kwanza: mashine ya magurudumu

Hii ndiyo ninayopendekeza kwa moyo wote. Ni mhimili mmoja wenye magurudumu sita yaliyopakwa almasi, yanayozunguka huku yakirushiwa maji. Mpangilio wa kawaida huanza na magurudumu mawili magumu, namba 80 na 220 (namba ikiwa ndogo, chembe za kusagia ni nene; ikiwa kubwa, ni laini), ya kutoa umbo. Kisha hufuata manne yenye sponji chini ya uso wake, namba 280, 600, 1200 na 3000. Sponji hiyo ndiyo inayoipa mashine thamani yake: gurudumu linabonyea kidogo na kukumbatia mgongo wa jiwe, na kaboshoni, yaani jiwe lenye mgongo wa mviringo na tako bapa, inatoka laini bila kuacha sehemu tambarare. Unasogea kutoka gurudumu moja kwenda jingine bila kuzima wala kubadilisha chochote. Jiwe moja la kidani linaweza kumalizika katika kikao kimoja.

Magurudumu ya inchi 6 yanatosha kwa vito vingi. Ya inchi 8 yana uso mpana zaidi, yanadumu zaidi na ni rahisi kidogo kwa mkono usio na uzoefu, ila mashine yake ni nzito na kila gurudumu jipya lina gharama kubwa zaidi. Kama pesa ni za kuhesabu, chukua ya inchi 6. Jambo la kukagua ni mhimili: wenye unene wa inchi 1, unaokubali magurudumu ya upana wa inchi 1.5, utapokea magurudumu ya watengenezaji wengi. Hapo ndipo uhuru wako wa miaka ijayo ulipo.

Kagua pia njia ya maji. Mashine nyingine zina pampu ndogo inayozungusha maji yale yale, nyingine zina matone ya maji safi juu ya kila gurudumu. Napendelea maji safi. Pampu ikirudisha maji yenye chembe za namba 80 kwenye gurudumu la 3000, utakuwa ukitafuta chanzo cha mikwaruzo kwa siku nzima.

Gurudumu jipya la sponji lina chembe za almasi zilizosimama juu kupita nyingine, nazo huchora mistari mirefu. Lisage kwanza kwa kipande cha akiki usichokithamini mpaka litulie, ndipo ulete jiwe zuri.

Zipo pia mashine za bei ya chini zenye magurudumu ya silikoni kabaidi. Zinafanya kazi, lakini gurudumu hilo hunyonya maji. Likiachwa limesimama ndani ya maji upande mmoja unakuwa mzito, na ukiwasha mashine inatetemeka. Pia inabidi kulinyoosha uso mara kwa mara. Kwa anayefanya kazi kidogo kidogo zinafaa. Kwa anayetaka kuuza vito, almasi inajilipa.

Kinachonunuliwa siku ile ile, mashine yoyote iwayo

Vumbi la mawe ya kwatsi ni silika. Likiingia mapafuni halitoki, na huleta ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa na wafanyakazi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo usisage wala kukata kavu, hata mara moja. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Nunua ya N95 au P100, na uivae hata kwenye kazi ya maji, kwa sababu matone yanayoruka yana chembe ndani yake. Tope likikaukia kwenye meza au kwenye aproni linarudi kuwa vumbi, basi lifute likiwa bichi.

Malakiti ina shaba nyingi na vumbi lake lina sumu. Sinaba, jiwe jekundu la kuvutia, ina zebaki; hilo liache kama lilivyo.

Maji na umeme vinakaa meza moja katika kazi hii, kwa hiyo chomeka mashine kwenye soketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja. Usihesabu swichi hiyo kama nyongeza ya hiari.

Nafasi ya pili: diski bapa

Ni mota iliyolala chini ikizungusha sahani, nawe unabadilisha diski za almasi juu yake kutoka namba ya chini hadi ya juu. Bei yake ni ndogo kuliko ya magurudumu sita, inakaa kwenye pembe ya meza, na kwa uso tambarare haina mpinzani. Diski za inchi 6 au 8 zenye tundu la inchi nusu ndizo za kawaida. Mashine yenye tundu la kipimo kingine iache.

Tatizo lake ni muda. Kila ukibadilisha namba inabidi usafishe diski, beseni, jiwe na mikono, la sivyo chembe nene itaharibu hatua inayofuata. Mgongo wa kaboshoni unawezekana, kwa diski laini na mkono usiotulia mahali pamoja, lakini unafanyika taratibu. Mwenye nafasi finyu na subira ya kutosha anaweza kuanza hapa na asijute.

Nafasi ya tatu: pipa la kuzungusha

Wengine wangeliweka juu kabisa, nami naelewa kwa nini: unatia mawe, maji na unga, unafunga, unawasha, unaendelea na shughuli zako. Kwa anayetaka mawe mengi laini ya kujaza bakuli, hili ndilo la kwanza. Kwa vito linashuka kwa sababu huchagui umbo. Jiwe linatoka kama lilivyojizungusha lenyewe.

Pipa hujazwa theluthi mbili hadi robo tatu. Likiwa na mawe machache yanagongana na kupasuka, likijaa mno hayasogei. Hatua ni nne: unga wa 60/90, kisha 120/220, kisha 500, kisha unga wa kung'arishia kama oksidi ya alumini. Kila hatua huchukua karibu wiki, na ile ya kwanza mara nyingi zaidi ya hapo, huku mota ikizunguka usiku na mchana. Kwa hiyo chagua pipa lenye ukuta wa mpira. La plastiki tupu linapiga kelele ya kukosesha usingizi. Usichanganye mawe ya ugumu tofauti, kwani laini yataisha kabla magumu hayajaanza kulainika. Na tope usilimwage kwenye sinki: hugandamana ndani ya bomba kama saruji.

Ipo aina nyingine, bakuli linalotetemeka badala ya kuzunguka. Linang'arisha haraka na kuhifadhi umbo la jiwe, lakini haliondoi kona kali. Ni chombo cha pili kwa mwenye pipa tayari.

Nafasi ya nne: msumeno

Nimeushusha msumeno kwa makusudi. Ni kweli bila msumeno huwezi kupasua jiwe kubwa, lakini mabamba ya mawe yaliyokwisha kukatwa yanauzwa, na bamba lenye unene wa milimita 5 au 6 liko tayari kupelekwa kwenye gurudumu. Anza na hayo. Utakapojua ni mawe gani unayapenda, nunua msumeno wa inchi 6. Unakata kina cha karibu inchi 2, kwa sababu sehemu kubwa ya kisu hukaa chini ya meza na kwenye vibano.

Kisu chake hakina meno. Kina almasi kwenye ukingo. Kikianza kuteleza bila kukata, almasi zimefunikwa, na kukata kipande cha tofali laini kunazifunua tena. Ukitumia maji, yamwage kila umalizapo kazi ili kisu kisishike kutu. Mafuta maalumu hukirefushia kisu maisha, ila feruzi na opali huyanyonya na kubadilika rangi, kwa hiyo hizo zikatwe kwa maji. Petroli, mafuta ya taa na dizeli yasikaribie msumeno.

Msumeno wa vigae ni wa bei nafuu na unakata. Unazunguka kwa kasi kubwa na kisu chake ni kinene, hivyo sehemu ya jiwe unaigeuza tope. Kwa yaspi ya kawaida nakubali. Kwa opali ni hasara tupu.

Nafasi ya tano: drili ndogo ya mkono

Inunue kwa ajili ya kutoboa na kuchora, usitegemee kung'arishia nayo. Ile yenye mkono mrefu unaopinda, mota ikining'inia mbali, ndiyo salama, kwa kuwa kutoboa hufanyika jiwe likiwa ndani ya maji ya kina kidogo. Inua ncha mara kwa mara ili maji yaingie tunduni, la sivyo almasi inaungua na jiwe linapasuka upande wa pili.

Ya mwisho: mashine ya kukata nyuso

Mawe yanayometameta kama yakuti za madukani hukatwa kwa mashine yenye mlingoti, kipimo cha pembe na gurudumu la kugawa duara, mara nyingi lenye meno 96. Ni ghali na haivumilii makosa. Kwatsi ikikatwa upande wa chini kwa nyuzi chini ya 41 hivi, mwanga unapita nyuma na jiwe linaonekana kama dirisha tupu. Isubiri.

Meza ya sonara

Kata kaboshoni zako kwa vipimo vya kawaida: milimita 18 kwa 13, 25 kwa 18, 30 kwa 22 au 40 kwa 30. Nunua kipande cha plastiki chenye matundu ya vipimo hivyo na uchore kwa kijiti cha shaba au alumini, maana wino hufutika na maji. Ukifuata vipimo hivi unaweza kutumia vishikizo vilivyotengenezwa tayari, na haja ya moto inakuwa haipo mwanzoni.

Koleo ya ncha nyembamba, koleo ya ncha za mviringo, kikatio cha waya na waya wa milimita 0.8 vinatosha kuanzia. Ukifika kwenye kulehemu, nunua madini ya fedha safi ya 999 (sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha) kwa ajili ya ukingo unaolikumbatia jiwe, kwani ni laini na inasukumika, na fedha ya 925 kwa kiunzi kinachobeba uzito. Tochi ndogo ya gesi inatosha kwa pete. Jiwe liingie baada ya moto wote kwisha.

Ukinunua iliyotumika

Mashine za magurudumu hudumu, na za mkono wa pili zina thamani kubwa. Zungusha mhimili kwa mkono umeme ukiwa umezimwa: ukisikia mkwaruzo, beringi zimeingiwa na tope. Ushike ncha na uusukume juu na chini, usicheze. Chungulia chini ya magurudumu uone kutu. Pitisha kucha kwenye magurudumu yenye chembe nene. Lililo laini kama kioo limekwisha, basi toa bei ya jipya kwenye bei unayotajiwa. Mwombe muuzaji aiwashe maji yakipita, na uisikilize dakika kadhaa kabla ya kulipa.