Tangi la lita 375 Mwanza: kioo chukua, samaki ngoja kwanza

Nianze na kioo maana ndo kilichonipeleka pale. Duka la matangi na samaki wa mapambo lipo maeneo ya Kirumba, jina nalihifadhi, sababu utaiona mbele. Niliagiza tangi la sentimita 150 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 12 na stendi ya chuma, wakanitajia laki tisa na nusu, nikalialia wakashusha elfu hamsini. Fundi wao namvulia kofia. Siku ya kulifunga alijaza maji mpaka juu, akachukua tishu akawa anaipitisha taratibu kwenye kila mshono wa silikoni, akifika kwenye kona anaikandamiza na kidole halafu anaiinua kwenye mwanga kuangalia kama imelowa, akaniambia usiguse kitu mpaka kesho, na kesho yake kweli akarudi akarudia upya. Chini ya tangi akaweka lile foma jeupe la kwenye boksi la tivii sababu sakafu yangu ina mabonde na mzigo wote ukijaa unapita kilo 450, kikikalia kajiwe kamoja tu umeliwa.

Mimea nayo safi. Nilichukua valisneria, anubiasi na java feni na zote zimeshika. Kijana wa dukani akanitania kwamba valisneria hata ziwani ipo ya bure, na ni kweli ipo, ila mi cha ziwani siingizi humo, konokono wa kichocho wanajificha kwenye majani hayo hayo na mikono inayoingia kwenye tangi kila wiki ni yangu. Mawe ndo sikununua, yani ukae Mwanza ununue mawe? Nimeokota nyuma ya nyumba. Granaiti haina chokaa kwahiyo haibadilishi maji, kama una wasiwasi na jiwe lako lidondoshee siki, likitoa povu achana nalo.

Sasa samaki, hapa ndo tulipokosana. Mi nilikuwa nataka neoni, vile visamaki asili yake Amazoni vyenye mstari wa bluu na wekundu nyuma, vitembee kundi. Muuzaji akaniambia beba leo leo kaka, maji ni maji tu. Nikabeba 30, elfu tatu tatu. Siku ya tano nimebaki na 11! Narudi kulalamika naambiwa eti wamechoka na safari ya kutoka Dar. Safari gani hiyo inaua mtu siku ya tano? Tangi jipya halina bakteria, uchafu wa samaki unatoa amonia ambayo ni sumu kwao, bakteria ndo wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti isiyo kali hivyo, na mpaka wajijenge kwenye filta ni kama wiki nne mpaka sita. Mtu anayeuza samaki kila siku hilo analijua vizuri sana, elfu 57 yangu imeenda na maji na hata pole sikupewa, nyota mbili nimekata hapo hapo.

Nikakaa mwezi na nusu nalea mimea na wale 11 wenye roho ngumu, nikibadilisha maji kidogo kidogo, ya bomba ya MWAUWASA nayalaza kwenye pipa siku mbili klorini itoke. Ndo nikaongeza neoni 25 kwa awamu mbili, na rasbora 12 wale wenye pembetatu nyeusi ubavuni. Hakufa hata mmoja. Ila usiku wa kwanza nusura nizimie, nimeamka saa nane namulika na tochi ya simu, neoni wote wamepauka, bluu hakuna, wamekuwa kama vipande vya nailoni, nikajua ni yale yale. Kumbe gizani ndo kawaida yao, asubuhi taa ilipowaka rangi ikarudi yenyewe.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa huko Ukerewe tangu ujana wake. Alivyokuja akakaa mbele ya tangi akauliza, "Hawa ukiwakaanga si kijiko kimoja?" Tukacheka, halafu akanyamaza muda mrefu mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mpwa, hebu sogeza mkono kwenye kioo." Nikasogeza, kundi zima likageuka kwa pamoja. "Dagaa nao ndo hivyo hivyo, ila sisi miaka yote tunawaona kwa juu tu kwenye mwanga wa taa. Kwa ubavuni leo ndo mara ya kwanza."

Kwahiyo tangi na mimea nendeni, samaki rudini baadaye. Pampu ya hewa ya betri wanayo pia, chukua, umeme ukikatika muda mrefu filta inasimama na bakteria wako wanakosa hewa. Taa waliniambia niwashe kutwa, nikapata ukijani kioo kizima, sa hivi masaa nane tu. Kuleta mpaka Nyegezi elfu thelathini, wanakuja vijana wanne, pima mlango wako kabla maana wangu ilibidi tuung'oe.