King'amuzi cha gesi ya mkaa: nakipa nyota nne

Nakaa Njombe. Julai mwaka juzi niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikaziba dirisha kwa kanga, nikalala. Mke wangu alinikuta nimelegea, natapika. Hospitali waliniwekea oksijeni, jioni ya pili nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Wapi! Wiki ya tatu nikaanza kusahau. Mimi ni fundi cherehani: napima kiuno cha mteja, nikifika kwenye daftari namba imeshayeyuka. Kutunga uzi kwenye sindano, mikono inatetemeka. Daktari akanieleza kwamba gesi hiyo ya mkaa, kaboni monoksaidi, hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na ubongo unaweza kuonyesha madhara wiki kadhaa baada ya mtu kujiona amepona. Hadi leo vipimo naandika mkononi kwanza.

Ndiyo sababu ya kununua king'amuzi hiki Kariakoo, 65,000. Ukubwa wake kama kipande cha sabuni, betri mbili, kioo cha namba. Nilikijaribu jikoni, mlango wazi: namba za gesi zikapanda 30, 48, 110, kimya! Nikajua nimepigwa. Baada ya robo saa hivi kikalia mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kumbe kinahesabu kiasi pamoja na muda.

Nyota moja nimeikata kwa sababu maelezo yote ni ya Kichina. Halafu geuza nyuma usome tarehe, maana hivi huisha muda. Cha kwanza nilichopewa kilikuwa cha 2014.