MariaDB na kwiri kashe: uzoefu wangu kwenye duka la jumla Moshi

Mfumo wa mauzo ninaoutunza hapa Moshi unatumia MariaDB, programu ya hifadhidata, na kwa sehemu kubwa naisifu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na umeme ukikatika ghafla inaamka na mauzo yake yote. Ila kuna kipengele kimoja ningependa kistaafishwe kabisa: kwiri kashe (query cache).

Kazi yake ni kutunza jibu la swali lililokwisha kuulizwa, ili likirudi herufi kwa herufi lijibiwe bila kugusa jedwali. Tatizo ni kwamba ukibadilisha safu moja tu, majibu yote yanayohusu jedwali hilo yanatupwa. Na shughuli yote hiyo inapita kwenye kufuli moja la seva nzima, yaani maombi yanasubiriana zamu.

Sasa fikiria Desemba, watu wanarudi nyumbani kula Krismasi, duka linatoa kreti na viroba tangu asubuhi. Kila risiti inapunguza idadi kwenye jedwali la bidhaa, na ni jedwali hilohilo ambalo kaunta zote zinauliza bei. Jibu linatunzwa, linatupwa kabla halijamfaa mtu. Aliyefunga mfumo huo alikuwa amekiwasha na kukipa megabaiti 512. Kompyuta za kaunta ziliganda, foleni ikatoka hadi barazani. Nilipoandika SHOW PROCESSLIST, amri ya kuonyesha seva inashughulikia nini, mstari baada ya mstari ulisema “Waiting for query cache lock”, yaani inasubiri kufuli la kwiri kashe. Prosesa yenyewe ilikuwa karibu haina kazi.

Ukitaka kukizima, usiishie kuweka ukubwa wake sifuri. Andika query_cache_type=0 kwenye faili la mipangilio, kisha uwashe seva upya; hapo ndipo inaacha kuligusa lile kufuli. Kumbukumbu iliyobaki niliihamishia bafa ya InnoDB, sehemu ya MariaDB inayotunza majedwali, na foleni ikaanza kusogea.

MySQL, hifadhidata ambayo MariaDB ilichipuka kwayo, walitangaza mwaka 2017, kwenye toleo la 5.7.20, kwamba kipengele hiki kinaachwa, na 8.0 ya mwaka 2018 ikatoka bila hicho. Walifanya sawa. Ukihamia huko, futa kwanza mistari ya query_cache kwenye mipangilio, la sivyo seva inagoma kuwaka.

MariaDB wamekibakisha, ingawa kinakuja kimezimwa. Nawaelewa: tovuti inayosomwa sana na kuandikwa kwa nadra inaweza kunufaika. Lakini miongozo ya zamani bado inawaambia vijana wakiwashe, nao wanakiwasha kwenye mifumo ya mauzo, mahali pabaya kuliko pote. Mwenye haja ya kutunza majibu ayatunze ndani ya programu yake, maana hiyo ndiyo inayojua bei imebadilika saa ngapi.

Ningekuwa na sauti kwao, ningeomba waanze na onyo kwenye logi kila seva inapowaka nacho, wataje toleo la mwisho, kisha wakitoe.